Jiwe Lililovunja Lango la Mfereji

Wanangu mnaoanza kazi maabara, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu, nami nimekubali kwa sharti moja: msinikatishe. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, naongea kwa sauti, na nikianza kisa nakimaliza. Jina langu Tumpe. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa fundi wa kukata mawe kwenye maabara ya jiolojia pale Mbeya, hadi nikastaafu, nikahamia kwenye viazi vyangu hapa Uyole. Na niwaambie bila kujishusha: kazi ile niliijua. Wajiolojia waliokuja na digrii zao kutoka Dar walikuwa wananiuliza mimi jiwe limekaaje kabla hawajaandika chochote. Sasa hapo ndipo nilipokosea siku moja, kwa sababu ya kuijua sana, na kosa lenyewe karibu limtoe mtu kwenye shamba lake.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengine mnadhani ni kuponda kokoto. Mjiolojia anarudi porini na mfuko wa mawe. Unachukua jiwe, unalikata kwa msumeno wa almasi, unabandika kipande kwenye kioo kwa gundi, halafu unakisaga na unga wa kusagia mpaka kinakuwa chembamba kuliko karatasi na mwanga unapita. Hiyo ndiyo slaidi. Ukiiweka chini ya hadubini, jiwe lililokuwa la kijivu linawaka rangi utadhani vitenge vya sokoni. Ukisaga kidogo mno huoni kitu. Ukizidisha nusu dakika, jiwe limekwenda na maji, umebaki na kioo kitupu, na mjiolojia anakutafuta.

Aliyenifundisha ni Mzee Kihwele, Mhehe wa Kalenga, mfupi, mpole, na mwenye dharau ya kimyakimya inayouma kuliko kofi. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu niguse mashine. Nilikuwa naosha vioo. Nikimuuliza lini nitaanza, anajibu, "Kwani hivyo vioo vimeisha?" Siku aliponiruhusu nilisaga slaidi nne, zote nne nikazimaliza kabisa. Hakunigombeza. Alivipanga vile vioo vitupu dirishani, na kila mgeni akiingia anamwonyesha: "Haya ni mawe ya Tumpe. Mazuri sana, ila hayaonekani." Vilikaa pale dirishani miezi mitatu. Jamani, nililia chooni.

Lakini yule mzee alinipa masikio. "Usitazame saa," alikuwa akisema. "Sikiliza. Jiwe likiwa nene linakwaruza. Likikaribia linaanza kunong'ona. Likinyamaza, umeshaliua." Akanifundisha kutazama kwatzi, yale madini meupe kama kioo, chini ya hadubini: ikiwa bado na njano, endelea, ikigeuka ya kijivu, acha hapo hapo. Akanifundisha pia kulamba mawe. Ndiyo, kulamba! Jiwe likilowa, chembe zake zinajitokeza vizuri. Nilimwambia, "Mzee, hatujui limetoka wapi hili." Akanijibu, "Ulimi utakuambia."

Na alikuwa na sheria moja ambayo hata leo nikiingia maabara yenu nitaikagua: kila jiwe linaloingia mlangoni, hata likiletwa na mlevi, unabakiza kipande. Unaweka kwenye bahasha ya kaki, unaandika jina la aliyelileta, mahali na siku. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Nikafanya tu kwa sababu mkono ulishazoea.

Sasa tuje kwenye vimondo. Mbeya nzima inajua kimondo ni nini, si ndiyo? Tumekulia nacho. Shuleni tulipakiwa kwenye lori tukapelekwa Mbozi, tukapanga mstari, kila mmoja akaweka kiganja kwenye lile lichuma kubwa jeusi, tukarudi nyumbani tunajidai tumegusa nyota. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa kwetu kimondo ni nini, anakujibu: ni chuma. Na kwa sababu hiyo maabara yetu ililetewa kila aina ya chuma. Kuna jamaa wa Chunya walioleta gololi za vinu vya kusagia mawe ya dhahabu, nzito, za mviringo, wameziokota bondeni wanaapa zimetoka mbinguni. Mchungaji mmoja alikuja na kitu kimefungwa kitambaa cheupe, kwaya nyuma yake. Nikafungua: ni kipande cha ekseli ya lori, na namba bado inasomeka. Nikamwambia, "Baba mchungaji, mbinguni hawaandiki namba za spea." Kwaya ikacheka, yeye akanuna. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa na mdomo.

Basi asubuhi moja ya Jumatatu, miaka michache kabla sijastaafu, wakaingia wanaume wawili. Mmoja mrefu, Msukuma, koti zito na ndoo ya plastiki mkononi. Mwingine mnene kidogo, ameshika faili kwapani.

"Shikamoo mayu," akasema yule mrefu. Mayu kwao ni mama.

"Marahaba baba, karibuni."

"Mimi naitwa Nkwabi. Natokea huko mpungani, upande wa Madibira. Nimeleta jiwe lililoanguka."

"Limeanguka kutoka wapi?"

"Juu."

Nikawageukia wenzangu nikakonyeza. Yule mwenye faili akakohoa, akajieleza kwamba yeye ni katibu wa kamati ya maji ya mfereji wao. Si ile skimu kubwa mnayoisikia. Huu ni mfereji mdogo waliouchimba wenyewe, kila mmoja ana majaruba yake ya mpunga, na maji wanapeana kwa zamu. Pale juu kuna lango la mbao lenye mnyororo na kufuli, na ufunguo anao katibu. Siku moja kulikuwa na mazishi. Kule, siku ya mazishi hakuna anayegusa jembe, kijiji kizima kiko msibani. Walipotoka makaburini wakakuta lango limepasuka katikati, na maji yote yameingia kwenye majaruba ya Nkwabi, ambayo ndiyo ya kwanza chini ya lango. Na Nkwabi mwenyewe alionekana huko huko shambani, matope mpaka kiunoni.

"Nilikuwa namfuata ng'ombe aliyekata kamba," Nkwabi akasema. "Nikasikia mlio, bum, bum, na mbingu nyeupe haina wingu. Halafu kitu kikapiga kelele kama kombeo, nikakiona kinapiga lango. Nikakitafuta kwenye tope, nikakitoa. Ni hiki."

"Mlio tuliusikia wote," katibu akasema. "Tukajua ni wale wanaopasua mawe ya barabara kwa baruti." Kisha akanigeukia. "Mama, kwetu kuiba maji siku ya msiba ni jambo kubwa. Kamati itakaa kumtoa mfereji. Yeye anasema ni kimondo. Sisi si wataalamu. Tumesema tuje wote wawili Mbeya, mtaalamu aseme, yaishe."

Kutolewa mfereji, wanangu, ni kutolewa shamba. Jaruba bila maji ni uwanja wa mpira. Na Nkwabi alikuwa mgeni pale, familia yake imeshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga, imehangaika Usangu yote mpaka ikapata vile vijaruba vinne. Yote hayo aliyasema mbele yangu, nikayasikia vizuri. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Akafungua ndoo. Imejaa pumba za mpunga, kavu kabisa, na ndani yake jiwe la ukubwa wa ngumi mbili. Nje ganda jeusi jembamba, limetulia kama lami. Upande mmoja limevunjika, na ndani ni kijivu, kijivu cha sementi. Nikalinyanyua. Zito kidogo, lakini si uzito wa chuma. Nikasogeza sumaku. Ikashika kidogo tu, kivivu.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa Mbeya tu ndiye angelifanya. Nikasema moyoni: kimondo ni chuma, hiki si chuma. Na mawe meusi yanayoshika sumaku kivivu nayajua tangu utotoni, Rungwe yamejaa, volkano ile imetapika mawe hayo mpaka kwenye uwanja wa baba yangu. Nikalipiga kwa nyundo, kipande cha kidole gumba kikatoka, nikakitupia kwenye bahasha kwa mazoea.

"Baba, umeshafika Mbozi?"

"Sijafika, mayu."

"Nenda ukakione kimondo. Hili ni jiwe la volkano, la kwetu Rungwe."

"Lakini mayu, kule kwetu hakuna mawe. Ni tope tupu. Mtu akitaka mafiga anasafiri."

"Malori yanabeba kila kitu."

"Malori hayapiti jarubani."

"Basi kunguru alilidondosha!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nkwabi hakucheka. Alikuwa anarudisha jiwe kwenye pumba taratibu. "Nililiona," akasema. "Kwa macho haya."

Katibu akaomba karatasi. Nikaandika: si kimondo, ni jiwe la kawaida la volkano. Nikasaini, nikagonga mhuri. Akaitia kwenye faili, akanishukuru sana, wakaondoka. Mimi nikaenda kunywa chai.

Sasa acha niwaambie kuhusu misumeno. Msumeno mpya wa almasi hauanzi na jiwe la mteja. Unaujaribu kwanza na jiwe lisilo na mwenyewe, maana hujui kama utapasua au utatafuna. Wiki tatu hivi baadaye tukaletewa msumeno mpya, nami nikaenda kwenye sanduku la bahasha kutafuta jiwe la kujaribia. Nikatoa la juu juu tu. Nikakata kipande kimoja kwa maji, kama tunavyokata yote, nikakiacha kwenye trei yenye maji kidogo. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne naingia, maji ya kwenye trei mekundu!

Nikaanza kugomba. Nikasema nani kaweka misumari humu. Nikainua kile kipande: kimejaa madoa ya kutu, yamesambaa kila mahali. Jiwe la Rungwe halishiki kutu siku nne, wanangu. Hata miaka minne. Nikakata kipande kingine kilichobaki, safari hii nikakikausha haraka, nikabandika, nikaanza kusaga. Na masikio yangu yakaniambia kitu. Kila mara sauti inanong'ona vizuri, halafu inateleza, tii, tii, kama kisu kimegusa sarafu. Nikapangusa nikaangalia kwenye mwanga. Vijidoa vya chuma, vidogo mno, vinang'aa.

Nikapeleka hadubini. Nikatulia pale nadhani robo saa. Ndani ya lile jiwe kulikuwa na vidonge vya mviringo, vingi, kama ulezi ulioganda kwenye uji. Vingine vina mistari, vingine vina fito zilizopangana, vya rangi zote. Mawe ya Mbeya na Iringa niliyosaga hayana hesabu. Sijawahi kuona jiwe la dunia hii lenye vidonge vile. Nilikuwa nimeviona mara moja tu, kwenye kitabu cha Mzee Kihwele.

Nikachukua bahasha kusoma. Mwandiko wangu mwenyewe: Nkwabi, Madibira. Mungu wangu. Sikufurahi, nisiwadanganye. Watu wanadhani mtu akigundua kitu anaruka ruka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikaipiga picha ile slaidi kwa simu, nikaituma Kalenga kwa mjukuu wake Mzee Kihwele, maana mwenyewe simu yake ya vitufe. Haukupita muda akapiga.

"Kamwene, Tumpe. Nimeona picha. Vidonge hivyo ndivyo vyenyewe."

"Una uhakika mzee?"

"Sijawahi kushika, ila nimesoma. Hicho ni kimondo cha jiwe. Vya jiwe ndivyo vingi, vya chuma ni vichache. Ila cha chuma kinadumu na kinajulikana kirahisi, ndiyo maana ninyi watu wa Mbozi mnakijua hicho tu." Kisha akauliza, "Umekata na maji?"

"Nimekata na maji."

"Chenye chuma unakatia spiriti, Tumpe. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Haya. Mwenye jiwe yuko wapi?"

Nikaanza kupangusa vumbi la mawe mezani.

"Tumpe. Mwenye jiwe yuko wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka kunguru. Alisikiliza bila kunikatisha, halafu akasema, "Nenda mwenyewe. Karatasi ndiyo iliyoharibu, karatasi haitatengeneza."

Nikatafuta namba ya katibu kwenye kitabu cha wageni. Nikamuuliza kamati imeshakaa? "Inakaa keshokutwa, mama," akasema kwa furaha. "Karatasi yako ndiyo itasomwa kwanza." Bosi wangu aliposikia akaniambia niandike barua, itapitishwa, itatumwa. Nikamwambia, "Bosi, barua yako itafika mpunga umeshavunwa na mtu ameshahama." Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikasema nina msiba. Kwa kweli ulikuwa wangu.

Nikapanda basi hadi Igawa, kutoka pale pikipiki, vumbi limenipaka mpaka kope. Mkobani nilikuwa na ile slaidi, kile kipande chenye kutu, sumaku, na kioo cha mkononi cha kukuzia. Nikafika Alhamisi saa nne asubuhi. Kikao kilikuwa uani kwa mashine ya kukoboa mpunga, mashine imezimwa, watu wamekaa juu ya magunia. Mwenyekiti ni mama mmoja wa Kisangu, mtu mzima, kanga mbili na macho makali. Nkwabi amekaa peke yake upande wa pili, ile ndoo miguuni, mkewe nyuma yake. Aliponiona hakusalimia. Nadhani alijua nimekuja kumkandamiza.

Katibu alikuwa ameshasoma karatasi yangu. Akafurahi kuniona. "Huyu hapa mtaalamu mwenyewe!"

Nikasimama. "Jamani, ile karatasi ni yangu, na ni ya uongo. Sikuiandika kwa nia mbaya, niliiandika kwa kiburi. Hilo jiwe ni kimondo."

Weee! Uani kulichafuka. Katibu akainua mkono. "Mama, mwezi uliopita ulisema si kimondo. Leo ni kimondo. Mwezi ujao itakuwa yai la mbuni?"

Wakacheka. Safari hii niliyechekwa ni mimi, na ninawaambia, si kitu kitamu. Nikasubiri waishe. Nikampa mwenyekiti kioo cha kukuzia na slaidi, akainua kwenye jua, akaangalia sana. "Naona mbegu," akasema. Nikaeleza kwamba mbegu hizo hazipatikani kwenye jiwe la dunia, ziliganda angani kabla hata dunia haijakuwa dunia. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Lakini katibu hakuwa mjinga, na kwa kweli nilimheshimu hapo.

"Sawa," akasema. "Tukubali limetoka juu. Limetoka lini? Labda lilianguka enzi za mababu, likakaa kwenye tope letu miaka yote. Nkwabi analima, analiokota, anaona linafaa kupasulia lango. Ubao una kufuli, mama, huwezi kuuinua. Lazima uvunje."

Mkewe Nkwabi akafunika uso na kanga. Ni kweli, kuonyesha kwamba ni kimondo hakukumsaidia chochote huyu mtu. Nikahisi jasho linanitoka. Nikaingiza mkono mkobani kutafuta leso, vidole vikagusa kile kipande cha kutu.

Nikakitoa. "Mwenyekiti, hiki nilikikata kwenye kipande cha jiwe hilo hilo. Nilikikata vibaya, kwa maji, nikakisahau kwenye maji siku nne. Angalia."

Akakigeuza. "Kina kutu."

"Kwa sababu ndani ya jiwe kuna chuma, chembe chembe." Nikasogeza sumaku, ikashika, watu wakainuka kuona. "Sasa Nkwabi, baba, fungua ndoo."

Akafungua. Akalitoa jiwe kwenye pumba, akalifuta kwa kiganja, akampa mwenyekiti. Pale lilipovunjika ni kijivu safi, na chembe za chuma zinameta juani.

Mama yule hakuhitaji mtaalamu tena. Aliangalia kipande changu, akaangalia jiwe, akawauliza watu wake, "Nikisahau jembe kwenye jaruba siku nne, linakuwaje?"

"Jekundu!" wakajibu.

"Na miaka?"

"Linaliwa, linaisha."

"Hili limekaa kwenye tope letu miaka?"

Mzee mmoja juu ya gunia akasema taratibu, "Halijakaa hata juma." Na katibu, namsifu kwa hili, akafungua faili, akatoa karatasi yangu yenye mhuri, akanirudishia mkononi. Mwenyekiti akaamua pale pale: Nkwabi anabaki mferejini, maji yake yafunguliwe siku hiyo hiyo.

Lakini yalikuwa yamefungwa tangu katibu aliporudi na karatasi yangu, kusubiri kikao. Twende tukaangalie, akasema Nkwabi, nikamfuata juu ya tuta. Majaruba mawili yangeweza kupona. Mawili yalikuwa yamekauka, udongo umepasuka, mpunga umesimama mweupe. Nikamwambia, "Nisamehe, baba."

Alitembea hadi mwisho wa tuta kabla hajajibu. "Mayu, kukosea nimekusamehe. Lakini ulinicheka."

Nililia pale, mtu mzima na miwani yangu, na hakunizuia.

Wanangu, watu wakija na mawe yao, chekeni wakishaondoka, kama lazima mcheke. Hilo silisemi kwa upole, nalisema kwa sababu huwezi kusikia jiwe na huku unacheka. Yule baba aliniambia ukweli wote kwa sentensi moja: kule hakuna mawe, na malori hayapiti jarubani. Mjiolojia wa digrii angelipwa kwa sentensi ile.

Mkitaka kujua jiwe linaainishwaje, ni hivi. Kwanza unauliza ni la mawe, la chuma, au mchanganyiko. Likiwa la mawe na lina vile vidonge, ni kondraiti. Halafu unauliza chuma kiasi gani: kingi, kidogo, au kidogo zaidi, kila kundi na herufi yake. Halafu limepikwa kiasi gani huko lilikotoka, maana miamba ya angani nayo ilipata moto. Likiwa halijapikwa, vidonge vimesimama kimoja kimoja. Likipikwa sana, vinashikana kama wali wa mvivu. Hapo kuna namba. Halafu limegongwa kiasi gani, unaangalia nyufa. Mwisho, kutu. Hizi za herufi na namba hatukuweza Mbeya, zinahitaji mashine ya kupima madini chembe kwa chembe, na hiyo ipo kwa wenzetu wa mbali. Ili wapime, lazima kipande kibaki hifadhini daima. Nkwabi alikubali tukate, kwa spiriti safari hii, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.

Fomu ya kutuma nilijaza mimi mwenyewe. Inauliza uzito, mahali, rangi ya ganda. Na kuna swali moja lilinishika mkono: je, lilionekana likianguka, au liliokotwa tu? Kwa wale wanaotunza orodha ya vimondo vya dunia, hivyo ni vitu viwili tofauti, na la kuonekana lina heshima kubwa zaidi. Lakini ili uandike lilionekana, lazima umwamini aliyeliona. Bosi alisema tuweke la kuokotwa, ndilo salama. Nikamwambia salama ya nani? Nikaandika: lilionekana, shahidi ni Nkwabi, mkulima. Nikaeleza mlio, mbingu nyeupe, ng'ombe aliyekata kamba, na lango. Nikaambatanisha na hali ya kutu, kwamba haikuwepo kabisa.

Jibu lilichukua miezi mingi. Likafika wakati wa kupalilia, nikalichapisha, nikashuka nalo tena mpungani. Nkwabi nilimkuta nyumbani kwake, mkewe akanipa maziwa mgando. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri polepole: kondraiti ya kawaida, kundi la L, aina ya tano, limegongwa kidogo, halina kutu.

"Hayo ni ya jiwe," akasema. "Mimi wameniandika?"

"Wamekuandika. Hapa. Jiwe lilionekana likianguka. Aliyeliona ni Nkwabi. Wamekubali."

Aliinamia karatasi asiyoweza kuisoma. "Wabeja," akasema, ndiyo asante yao. Kisha akasimama. "Ngoja kwanza, mayu, usiikunje karatasi."

Akatoka nje akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Katibu alikuwa anapalilia jaruba la jirani. Akaja na matope mpaka magotini, akavua kofia mlangoni, akavutiwa kigoda. Nkwabi akakaa mbele yake.

"Sasa soma tena," akaniambia. "Anzia juu."